Kurusha kamba mtini kwa upepo: pima mtungi kabla ya kupima urefu

Swali limetoka kwa kijana wa Muheza ambaye, pamoja na wenzake, hukusanya mbegu za mkangazi na miti mingine ya asili kwa ajili ya vitalu:

"Shikamoo fundi. Miti yetu ina matawi ya kwanza mita 20 hadi 25 kutoka chini, na tukirusha kamba kwa mkono hatufiki. Nimetengeneza kirusha kamba cha upepo. Tangi ni bomba la plastiki la maji la inchi 2, urefu mita 1. Mbele yake nimefunga koki, kisha bomba la kutokea kifuko cha uzito kinachovuta kamba. Najazia kwenye vali ya tairi la pikipiki. Kwa fundi matairi nilijaza upepo wa 40 na kifuko cha gramu 300 kikapaa vizuri. Sasa nataka kukijaribu kwa upepo wa 100 ili nijue mwisho wake ni wapi. Nikipime vipi, na nitajuaje kwamba kinafaa kwa kazi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujasoma zaidi, toa upepo wowote uliobaki kwenye hilo bomba na usilijaze tena, si kwa 100 wala kwa 40. Wazo lako ni zuri. Wapanda miti wa Ulaya na Marekani wanavyo virusha kamba vya upepo vya kununua dukani, na kwa mkangazi hitaji lenu ni la kweli: mbegu zake zina mabawa, tunda likishapasuka upepo umeshazitawanya, kwa hiyo ni lazima mtu afike juu kabla. Kinachonitia hofu ni tangi.

Bomba la maji limeandikwa ubavuni PN10 au PN16. Namba hiyo ni bar, yaani kipimo cha mkandamizo, ambazo bomba linabeba likiwa na maji, joto likiwa nyuzi 20. Kuhusu upepo haikuahidi chochote. Joto likifika nyuzi 40, nalo ni joto la kawaida kwa bomba lililofungwa nyuma ya pikipiki saa saba mchana, uwezo wa plastiki hiyo hushuka hadi karibu asilimia 60. Kwenye nyuzi 60 unabaki chini ya robo. Jua huikausha mwaka hadi mwaka, na gundi ya maungio umeipaka kwa mkono bila njia ya kuona kama imeenea kote ndani. Zaidi ya hayo yote, plastiki hiyo haitoboki ikavuja taratibu. Huvunjika ghafla vipande vyenye makali, vikaruka pande zote. Mwaka 1988 OSHA, mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama kazini, ilitoa onyo dhidi ya kutumia mabomba ya PVC, plastiki kama hiyo yako, kwa hewa iliyobanwa juu ya ardhi, kwa sababu ya vipande hivyo.

Hesabu yenyewe inatisha. Bomba lako linabeba takriban lita 2. Ukilijaza upepo wa 100 wa geji ya tairi (psi), yaani karibu bar 7, ndani yake kuna zaidi ya jouli 1,000 za nishati zilizo tayari kutoka. Lita 2 za maji kwa mkandamizo huohuo hazina hata jouli moja, kwa kuwa maji hayabaniki. Hewa iliyobanwa ni kama mpira wa manati uliovutwa: nguvu yote imekaa pale inangoja. Ndiyo maana bomba lilelile likipasuka kwa maji utalowa, na likipasuka kwa upepo litakutoa jicho.

Usijipe moyo kwamba kwa 40 lilipita salama. Kila ukijaza na kufyatua, plastiki huchoka kidogo, na haionyeshi dalili. Kupita leo hakusemi chochote kuhusu mara ya hamsini, siku ambayo mwenzako amelikumbatia.

Sasa nije kwenye neno lako "mwisho wake". Chombo cha kazi hakipimwi kwa kukisukuma mpaka kishindwe. Unaanza na kazi: inataka nguvu kiasi gani? Kisha unathibitisha kwamba mtungi unabeba zaidi ya hapo kwa nafasi kubwa, na hiyo nafasi huigusi kamwe.

Kifuko cha gramu 300 kukifikisha mita 30 kunahitaji jouli 88. Ongeza uzito wa kamba inayofuata: kamba nzuri ya kurushia yenye unene wa milimita 2 ina gramu 2 hivi kwa mita, kwa hiyo mita 30 ni gramu 60 nyingine, na hewa nayo inapunguza mwendo. Weka jouli 120 na bado umekadiria kwa ukarimu. Lita 2 kwa upepo wa 40, yaani karibu bar 2.8, zina karibu jouli 280. Mengi hupotea kwenye koki na pembeni mwa kifuko, lakini wewe mwenyewe umeona kilivyopaa. Matawi yenu yako mita 25. Upepo wa 100 hamna kazi nao, na hata 40 huenda ikawa nyingi.

Tangi basi litoke wapi? Tafuta mtungi wa chuma uliotengenezwa kiwandani kwa ajili ya upepo, wenye kibati kinachoonyesha mkandamizo wa kazi na wa majaribio. Mitungi midogo ya breki za upepo za malori inapatikana kwa wauza vipuri, na hiyo huzoea kufanya kazi kwa bar 8 hivi. Chagua yenye lita 2 au 3, isiyo na kutu wala kibonyeo, yenye kizibo cha chini cha kutolea maji. Usiichomelee wala kuitoboa. Kila kitu kifungwe kwenye matundu yake yenye nyuzi za skrubu. Mtungi wa zamani wa gesi ya kupikia uache kabisa: mabaki ya gesi yakichanganyika na hewa unayosukuma ndani, umetengeneza bomu. Na mtu yeyote akikwambia tuazime oksijeni ya fundi wa kuchomelea, mkatalie bila mjadala. Oksijeni yenye mkandamizo ikikutana na grisi kidogo tu ndani ya koki huwaka kwa kishindo.

Angalia pia chanzo cha upepo. Kompresa ya fundi matairi inaweza kufika bar 8 au zaidi, na yule kijana anayeshika mpira hakusikii ukimwambia basi. Mtungi uwe na uwezo wa kubeba upepo wote wa kompresa hiyo hata kama hakuna aliyeizima. Juu yake weka vali ya usalama ya kiwandani inayofunguka yenyewe kwenye bar 4, geji inayosomeka ukiwa umesimama pembeni, na koki ndogo ya kutolea upepo. Hiyo koki ndogo watu wengi huiona mzigo, nami nasema bila hiyo usitoke nyumbani. Siku kifyatuo kitakapogoma huku mtungi umejaa na kifuko kiko ndani, ndiyo njia pekee ya kuondoa hatari bila kusogelea mdomo wa bomba. Porini mimi ningetumia pampu ya mkono yenye geji. Ni jasho kidogo, lakini haiwezi kuzidisha bila wewe kujua.

Jaribio la kwanza ni la maji. Mafundi bomba wanayo pampu ya mkono ya kupimia mabomba ya nyumba mpya. Mwombe mmoja akuazime, au mwite aje nayo. Toa vali ya usalama, uzibe tundu lake. Jaza mtungi maji mpaka yamwagike, ukiuinamisha huku na huku ili pasibaki hewa hata kidogo, kwa sababu hewa iliyobaki ndiyo itakayoruka. Funga utepe wa kupimia kiunoni mwa mtungi na uandike mzunguko wake. Sukuma mpaka mara moja na nusu ya mkandamizo wa juu kabisa unaoweza kuingia humo. Kwa mtungi utakaojazwa kwa kompresa ya bar 8, ni bar 12, mradi kibati chake kinaruhusu. Kama hakiruhusu, mtungi huo si wa kazi hii. Subiri nusu saa. Geji isishuke, maungio yasitoe jasho, na ukiachia, mzunguko urudi palepale ulipokuwa. Mtungi uliobaki umevimba hata milimita chache umekwisha, upeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Jaribio hili lirudiwe kila mwaka, na kila mara mtungi unapoanguka au kugongwa.

Utaniuliza: je, na lile bomba la plastiki nalo nilipime kwa maji? Hapana. Linaweza kupita na bado likapasuka wiki ijayo juani.

Baada ya maji, kausha, rudisha vali ya usalama, kisha jaza upepo kwa mara ya kwanza mtungi ukiwa nyuma ya mifuko ya mchanga au ukuta wa tofali, wewe ukiwa upande wa pili na mpira mrefu. Bila kifuko. Panda hadi vali ya usalama ifunguke yenyewe, uone kweli inafunguka pale ilipoandikwa. Paka povu la sabuni kwenye maungio. Fyatua mara kadhaa ukivuta kifyatuo kwa kamba kutoka mbali, ujue kama koki inafunguka kwa ulaini uleule kila mara. Koki ya kuzungusha kwa mkono ina tatizo hapa: ukiifungua polepole leo na haraka kesho, kifuko kitakwenda urefu tofauti kwa upepo uleule. Funga mkono mrefu wenye springi ya kuuvuta, au tumia vali ya umeme ya mabomba ya kumwagilia inayobeba mkandamizo huo.

Ndipo kifuko. Kiwe kirefu chembamba, kimejazwa punje ndogo za madini ya risasi au mchanga mkavu, kimeshonwa mara mbili. Kikitumbukizwa kwenye bomba kishuke chenyewe bila kusukumwa. Usiweke bolti, kipande cha nondo wala chupa. Kitu kigumu kikigonga shina hurudi, na kikikata kamba hakuna ajuaye kitaishia shamba la nani. Bomba la kutokea lisimame kwenye miguu au kitako kinachokaa chini. Msukumo wa nyuma wa gramu 300 zinazotoka kwa mita 25 kwa sekunde si mdogo, na anayeshika begani kichwa chake kinakuwa jirani na mdomo wa bomba. Utaratibu ni mmoja siku zote: kifuko ndani mtungi ukiwa mtupu, kamba yafungwa na kukaguliwa, bomba laelekezwa, watu wanasogea, halafu ndiyo upepo unaingia. Mtungi ukishakuwa na upepo hakuna anayepitisha mkono wala uso mbele ya mdomo.

Tafuta uwanja mpana usio na nyaya za umeme. Hili la nyaya nalisisitiza, kwa kuwa kamba yenye umande inapitisha umeme, nanyi huko mna laini za TANESCO zinazokatiza mashamba. Usirushe wima. Laza bomba kidogo, nyuzi 70 hivi kutoka ardhini, ili kifuko kianguke mbele yenu na si vichwani. Kifuko cha gramu 300 kikishuka kutoka mita 30 kinaweza kufika chini na jouli zinazokaribia 88. Kofia ngumu za viwandani za kiwango cha Ulaya cha EN 397 hujaribiwa kwa uzito wa kilo 5 unaodondoshwa mita 1, yaani jouli 49. Vaeni kofia, vaeni miwani ya kinga, lakini mjue kofia haichukui nafasi ya kuondoa watu kwenye eneo la kuangukia. Watoto huja mbio wakisikia mlio. Mmoja wenu awe na kazi hiyo tu, ya kuwazuia.

Anza na bar 1, panda kwa nusu bar. Urefu unaweza kuupima kwa simu. Rekodi video yenye sauti, hesabu sekunde tangu mlio hadi kishindo cha kuanguka. Zidisha sekunde hizo kwa zenyewe, kisha zidisha kwa 1.2. Sekunde 4 ni karibu mita 19, sekunde 5 ni mita 30. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba haijali umelaza bomba kiasi gani. Kamba ikifuata nyuma, kushuka huchelewa kidogo na jibu hutoka kubwa kuliko kweli, kwa hiyo punguza mita chache. Ukifika urefu wa tawi lenu na mita 3 au 4 za ziada, simama hapo. Andika kwenye daftari: upepo kiasi hiki, kifuko hiki, kamba hii, urefu huu. Huo ndio upepo wenu wa kazi.

Kamba ndiyo inayoharibu majaribio mengi, kuliko upepo. Ikitoka kwa mwendo wa mita 25 kwa sekunde haivumilii fundo wala mkunjo. Usiizungushe kwenye kijiti. Ishushe yenyewe ndani ya ndoo pana, tabaka juu ya tabaka, bila kuipanga kwa mkono, na ndoo ikae mbele ya mdomo wa bomba, pembeni kidogo. Mguu wa mtu usiwe karibu na ndoo, na mwisho wa kamba ufungwe kwenye kitu chepesi kinachoweza kuburutwa, kamwe si mkononi wala kiunoni. Mshipi wa nailoni wa wavuvi siushauri: unavutika, na kifuko kikinasa kwenye panda ukauvuta kwa nguvu, kikiachia kinarudi kwako kama kilivyokwenda. Kamba isiyovutika, yenye utelezi na rangi ya kuonekana, ndiyo ya kutafuta. Kifuko kikinasa, tikisa, legeza, vuta kutoka pande tofauti. Kikikataa, kata kamba na uhesabu hasara ya kifuko.

Hapa kuna jambo utakalolikuta mwenyewe: kifuko kinaweza kuvuka tawi vizuri na kugoma kushuka. Uzito wake umeshindwa na msuguano wa kamba kwenye gome. Watu wengi wakiona hivyo huongeza upepo, na upepo hausaidii kitu, kwa sababu tatizo liko kwenye kushuka. Ongeza uzito, gramu 350 hadi 400, kisha rudia majaribio yote ya uwanjani kwa kifuko hicho kipya. Kifuko kizito kinataka upepo zaidi kidogo na kinaanguka kwa nguvu zaidi. Kwa matawi ya mita 25 mimi ningeanza na 350.

Urefu ukishapatikana, pima shabaha, maana mti hauombi mita, unaomba kifuko kipite juu ya panda moja unayoitaka. Chagua mti wa pembeni wenye panda linaloonekana, rusha mara kumi kwa upepo uleule bila kubadilisha kitu. Kwangu, kirusha kamba kinachopitisha mara nane kati ya kumi ndani ya mita 1 ya shabaha kinafaa. Kama vifuko vinatawanyika, tatizo huwa kwenye koki, kwenye kamba, au kitako kinachoyumba, kwa mfuatano huo.

Wala usitamani kilele. Mti wa asili mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika, Entandrophragma excelsum wa Mlima Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2016, ulipimwa mita 81.5. Hata mti kama huo hupandwa kwa hatua: kamba ya kwanza kwenye panda imara la chini, kisha mpandaji akiwa juu, amejifunga, anarusha kwa mkono kwenda panda linalofuata.

Kuhusu kufaa kupandia, mdogo wangu, kirusha kamba hakiwezi kukujibu. Kimepeleka uzi tu. Tawi ndilo litakalokubeba, na tawi nalo lina jaribio lake. Litazame kwa darubini pande zote: kuvu, shimo, ufa kwenye maungio na shina, mzinga wa nyuki. Vuta kamba ya kupandia badala ya ile ya kurushia, kisha watu wawili wazito waning'inie pamoja kwa sekunde kadhaa, waruke kidogo, huku mwingine akitazama tawi kwa mbali. Kama mnafunga mwisho mmoja wa kamba chini kwenye shina na kupanda mwisho wa pili, kumbukeni tawi linabeba karibu mara mbili ya uzito wa mpandaji, kwa sababu pande zote mbili za kamba zinavuta. Mtu wa kilo 70 anakuwa karibu kilo 140 kwa tawi. Kwa hiyo wale wawili wakining'inia, washike pande zote mbili zikiwa zimefungwa vilevile mtakavyopanda.

Mwisho, kabla hujaingia nacho msituni, kipeleke kituo cha polisi ukaulize, na uende nacho kikiwa kitupu, kimefunguliwa vipande. Sheria za silaha zinaweza kugusa hata vyombo vya upepo, na afadhali ujibiwe mezani kuliko njiani. Kwenye hifadhi kama Amani, pamoja na kibali cha kukusanya mbegu, wajulishe askari wa misitu siku na mahali mtakapokuwa. Askari anayesikia mlio na kumkuta mtu na bomba refu haoni mkusanya mbegu, anaona jangili.

Wakati mnatafuta mtungi wa chuma, msikae bure. Manati kubwa ya kufungwa kwenye ncha ya ufito wa mita 2 na nusu, yenye mpira mzuri, inarusha kifuko cha gramu 300 mita 25 bila upepo wowote. Inataka mazoezi, na mpira wake hubadilishwa ukianza kupata mipasuko. Kwa miti yenu huenda mkagundua inatosha, na mkaacha habari ya mtungi kabisa.